Mafundisho ya Kijaini yako wapi katika picha ya mfalme Jahangir?

Swali limetoka kwa msomaji wa Mombasa: "Mwalimu, shikamoo. Majirani zetu wa Kijaini walinionyesha nakala ya picha ya zamani kutoka India. Mfalme amekaa rosheni, juu kabisa, na mbele yake kumejaa mabwana wenye vilemba. Katikati yao wapo wanaume wa nguo nyeupe, vichwa wazi. Nikaambiwa: hii ni picha ya dini yetu. Mimi naona baraza la mfalme tu, tena mfalme Mwislamu. Mafundisho yenyewe yako wapi? Na mchoraji wa mfalme aliyajuaje?"

Marahaba, dada yangu. Kwa ulivyoieleza, picha hiyo ni sehemu ya gombo lililochorwa Agra, mji wa kaskazini mwa India, mwaka 1610, ambalo sasa limehifadhiwa Ahmedabad, Gujarat, katika Taasisi ya L.D. ya Indolojia. Aliyelichora ni Ustad Salivahana, mchoraji wa mfalme Jahangir. Majirani zako wamekwambia kweli. Lakini ukitafuta mafundisho kwa kuangalia nani amekaa juu na nani amesimama chini, utamwona mfalme tu. Angalia kinachotoka kwa mfalme kwenda kwa watawa. Ni amri ya maandishi, farmani, na iliyomo ni kwamba kwa siku 12 za ibada kuu ya Wajaini hakuna kuchinja mnyama. Picha nzima imechorwa kwa ajili ya amri hiyo.

Lazima kwanza nikueleze gombo lenyewe ni kitu gani, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Si picha ya kutundikwa ukutani, wala si ukurasa wa kitabu cha mfalme. Ni barua. Wajaini wanaiita vijnaptipatra, yaani barua ya ombi. Jumuiya ya Wajaini wa Agra ilimwandikia kiongozi wao, Vijayasena Suri, aliyekuwa mbali huko Devapatan, pwani ya Gujarat, wakimsihi aje akae nao msimu wa mvua.

Kwa nini msimu wa mvua? Mtawa wa Kijaini hana nyumba. Miezi minane ya mwaka anatembea, kijiji hadi kijiji, miguu mitupu, hapandi farasi wala gari la ng'ombe. Ikifika mvua anasimama, anakaa mahali pamoja miezi minne. Upepo wetu wa kusi, ule uliokuwa ukisukuma majahazi kwenda Gujarat, ndio unaopeleka mvua huko. Mvua ikishuka, ardhi inachipua: majani mapya, minyoo, siafu, vijidudu vya kila namna, njia yote imejaa uhai. Kutembea wakati huo ni kuua kwa kila hatua. Kwa hiyo mtawa hukaa, na mji uliobahatika kumpata hufaidi mafundisho yake miezi minne mfululizo. Miji ilishindana kualika. Barua ikapambwa kwa picha ili mwalimu auone mji kabla hajaufikia, na kwa miaka mingi desturi hiyo ikakua mno: barua ya Udaipur ya mwaka 1830 ina urefu wa futi 72, barabara na maduka na hekalu moja baada ya jingine.

Barua hizi zina kazi nyingine pia. Ndani ya msimu wa mvua zimo siku za Paryushan, ndiyo ile ibada kuu niliyoitaja, siku za kufunga, kusikiliza maandiko na kuombana radhi. Siku ya mwisho kila mtu humwendea mwenzake na kusema "micchami dukkadam", ubaya wangu na ufutike. Aliye mbali anaombwa radhi kwa barua. Kwa hiyo dada, mle mle katika karatasi yenye mfalme na mabwana wa vilemba kuna mambo mawili ambayo kwa Mjaini ni kiini cha dini: kuomba msamaha kwa viumbe, na kuwaachia viumbe waishi.

Sasa nifafanue mafundisho, kisha turudi kwenye picha.

Wajaini wanaamini kwamba ulimwengu umejaa roho. Wanaiita jiva. Binadamu ana jiva, tembo anayo, chungu anayo, mti unayo. Wanakwenda mbali zaidi: wanasema hata udongo, maji, moto na hewa vina viumbe vyenye hisi moja tu, ya kugusa. Hakuna kwao Mungu muumba anayesamehe dhambi. Kila tendo la kudhuru linaivutia roho karma, na karma kwao si bahati wala majaliwa. Ni kitu hasa, vumbi laini mno linaloigandama roho na kuifanya nzito. Roho nzito inazaliwa tena na tena. Iliyosafishwa vumbi lote hupaa hadi kilele cha ulimwengu na kukaa huko kwa utulivu usiokwisha. Waliofika na kuwaonyesha wengine njia wanaitwa Jina (si neno letu la Kiswahili; kwao maana yake ni mshindi), na wa mwisho katika 24 wa zama hizi ni Mahavira.

Ukishaelewa hilo, kila kitu alicho nacho mtawa kinaeleweka. Mtawa wa Kishvetambara, wale wa nguo nyeupe, utamtambua katika picha yoyote ya India hata kama jina halikuandikwa. Ana ufagio wa nyuzi za sufu, laini, mara nyingi amebana kwapani. Kabla hajaketi anafagia mahali pa kukaa ili asimkalie mdudu. Ana kitambaa cha kuweka mbele ya mdomo anaposema, kwa sababu pumzi ya moto inaweza kuumiza viumbe vya hewani. Ana bakuli la mti la kupokea chakula, maana hapiki wala hawashi moto. Kichwa chake hakina nywele, na hazikunyolewa kwa wembe: zimeng'olewa kwa mkono, moja moja au kwa mafungu, kama alivyofanya Mahavira siku ya kuuacha ulimwengu. Miguu ni mitupu. Basawan, mchoraji mkubwa wa mfalme Akbar, baba yake Jahangir, alimchora mtawa wa Kijaini akitembea kando ya mto, picha ya takribani mwaka 1600 ambayo leo iko Cleveland, Marekani. Hakuna kingine cha maana katika picha ile ila mtu na mwendo wake, na kwa mtazamaji wa Kijaini hilo ni somo tosha.

Kuna kisa wanachokisimulia Wajaini kuhusu Hiravijaya Suri, mwalimu wa Vijayasena. Akbar alimwita, na mtawa akaja kwa miguu kutoka Gujarat hadi Fatehpur Sikri, akafika mwaka 1583. Alipoingizwa ikulu alikuta zulia limetandikwa. Akasimama, hakulikanyaga. Mfalme akauliza kulikoni. Mtawa akajibu kwamba chini ya zulia huenda kuna viumbe ambao macho hayawaoni. Mfalme akashangaa, zulia la ikulu linafagiwa kila siku! Likainuliwa, na chini yake wakaonekana chungu. Nakipenda kisa hiki kwa sababu mtawa hakuhubiri lolote, alisita tu pale ukingoni. Akbar alimpa cheo cha Jagadguru, mwalimu wa ulimwengu, akatoa amri za kuzuia uchinjaji siku za Paryushan, na Abul Fazl, mwandishi wake, akamweka mtawa huyo katika daraja la kwanza la wanazuoni wa zama zao.

Twende sasa kwenye gombo. Mchoraji amelipanga liende kwa mfululizo kama simulizi. Kwanza Jahangir yuko kwenye rosheni ya ngome ya Agra, na mwanawe Khurram, atakayekuja kuitwa Shah Jahan, yu karibu naye. Yupo Raja Ramdas, mmoja wa mabwana wa barazani. Wapo watawa wawili, Vivekaharsha na Udayaharsha, waliokwenda kuomba amri hiyo. Kisha farmani inatangazwa mjini. Waswahili tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na siku ile jambo lilikuwa la wachinjaji kuweka visu chini. Kisha watawa wako na waumini. Mwishoni tunahamia Gujarat kabisa, barazani kwa Vijayasena, ambako habari inapokewa. Pembeni mwa watu yameandikwa majina, na maandishi ya gombo yanasema wazi kwamba Ustad Salivahana ni mchoraji wa mfalme, kwamba alikuwepo, na amechora kama alivyoona.

Maneno hayo, "kama alivyoona", naomba uyape uzito, maana ndani yake mna jibu la nusu ya pili ya swali lako. Salivahana hakuhitaji kuwa mwanazuoni wa Kijaini ili achore gombo lile. Jumuiya iliyomwajiri ilijua inachotaka, na yeye alileta jicho la karakana ya mfalme. Ndicho kitu kilichokuwa kipya.

Kabla yake, picha za Kijaini zilikuwa na sura yao tofauti kabisa. Karne ya 15, matajiri wa Gujarat na Rajasthan walitoa fedha nyingi ili maandiko yanakiliwe kwa wino wa dhahabu, na andiko lililopendwa kuliko yote ni Kalpasutra, lenye maisha ya Mahavira, ambalo mpaka leo husomwa wakati wa Paryushan. Kurasa zake ni ndefu na nyembamba kwa kuwa zilirithi umbo la jani la mtende lililoandikwa zamani, na hata baada ya karatasi kuingia, waandishi waliendelea kuacha duara katikati, pale uzi ulipokuwa ukipita. Watu wamechorwa wakitazama upande, na jicho la pili, ambalo kwa kawaida lingefichwa na pua, limetokeza nje ya uso likielea hewani. Nyuma yao ni nyekundu au buluu tupu. Ukiona jicho lile umeshajua umefika Gujarat.

Picha hizo hazikusudii kukuonyesha fulani alifananaje. Zinakumbusha tukio ambalo kila mtu analijua kwa moyo. Kuna moja nisiyochoka kuitazama. Mahavira akiwa bado tumboni aliamua kutulia kabisa, asijigeuze, ili asimwumize mama yake. Mama, malkia Trishala, alipoona mtoto hachezi, akadhani amekufa, akaangua kilio na nyumba nzima ikanyamaza. Mtoto akatambua huzuni ile, akajitikisa kidogo, na mama akacheka. Wachoraji huweka Trishala wawili: mmoja ameshika kichwa kwa majonzi, mwingine ana furaha. Somo lote la kutodhuru limewekwa tumboni mwa mama, na limeonyesha pia jinsi lilivyo gumu, kwamba hata kutulia kwa huruma kunaweza kuliza mtu.

Sasa Salivahana anakuja na ujuzi wa Agra. Jicho linaloelea limeondoka. Watu ni watu wa kweli, kila mmoja na pua yake, tumbo lake, namna yake ya kufunga kilemba. Mtawa hachorwi tena kama alama ya mtawa. Ni Vivekaharsha mwenyewe, siku ile, mahali pale. Kwa Mjaini wa Agra hili lilikuwa jambo zito: mafundisho ya karne nyingi yameonekana yakitenda kazi mbele ya macho ya mchoraji, kwa tarehe na kwa majina. Ndiyo maana naona gombo hili ni picha ya kidini kweli kweli, ingawa halina hekalu mbele wala mshindi, Jina, aliyekaa kitako.

Na mfalme aliyetoa amri, dada, alikuwa nani? Alikuwa mwindaji mkubwa. Jahangir aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, na humo anatoa hesabu aliyoagiza ifanywe, tangu alipokuwa na miaka 12 hadi anakaribia 50: wanyama na ndege 28,532 waliwindwa mbele yake, na kati ya hao 17,167 aliwaua kwa mkono wake. Hesabu hiyo inatoka kwa mtu yule yule unayemwona rosheni. Huyo huyo pia aliagiza kusichinjwe siku ya Alhamisi, siku aliyotawazwa, na Jumapili, siku aliyozaliwa baba yake. Na mjukuu wake Shah Shuja alipougua sana, aliweka nadhiri ya kuacha kuua kwa mkono wake. Miaka michache baada ya gombo, akiwa amekasirishwa na mtawa mmoja aliyetabiri kwamba utawala wake hautadumu, aliamuru watawa wa Kijaini wafukuzwe mijini mwake, kisha amri ile ikaondolewa. Kwa hiyo picha usiisome kana kwamba mfalme aliongoka. Isome kama siku moja ambayo watawa wawili waliomba na wakapewa siku 12. Kwa mbuzi na kuku wa Agra siku 12 si kidogo, na kwa Mjaini kila jiva iliyoponea siku hizo ni faida isiyopimika.

Niongeze picha nyingine za fundi huyu huyu, kwa sababu majirani zako huenda wanazo nakala zake. Mwaka 1624 Salivahana alipamba hadithi ya Dhanna na Shalibhadra, iliyotungwa na mshairi Matisara. Hadithi yenyewe ndiyo hii.

Palikuwa na mtoto maskini wa mchunga ng'ombe, aliyekuwa na hamu ya wali wa maziwa. Mama yake akazunguka kwa majirani, akakusanya mchele, maziwa na sukari, akampikia. Mtoto amekaa mbele ya sahani, akatokea mtawa aliyefunga siku nyingi. Mtoto akampa chote. Akafa, akazaliwa tena mji wa Rajagriha kwa jina la Shalibhadra, mtoto wa tajiri asiye na kifani. Akakua ghorofani, ana wake 32, hajui jua linavyochoma. Siku moja wafanyabiashara wakaleta mablanketi 16 ya thamani kubwa mno hata mfalme Shrenik akashindwa kununua hata moja. Mama yake Shalibhadra akayanunua yote, akayakata vipande viwili viwili ili kila mkwe apate, na wakwe wakapangusia miguu, wakayatupa. Mfalme akasikia, akataka kumwona kijana huyo, akaja mwenyewe nyumbani.

Mama akapanda ghorofani: "Mwanangu, shuka, mfalme amekuja, bwana wetu." Shalibhadra hakuelewa. Bwana wetu? Hakuwahi kujua kama juu yake kuna bwana. Akashuka, akamwangukia mfalme kama adabu inavyotaka, akarudi ghorofani moyo umeshageuka. Utajiri wote huu, na bado nina bwana! Akaamua kuishi maisha ambayo hakuna bwana juu yake isipokuwa nafsi yake. Akaanza kuagana na wake zake, mmoja kwa siku. Dada yake, aliyeolewa na Dhanna, akalia kwa habari hiyo, na Dhanna akamcheka shemeji yake: mtu akiamua kuacha, anaacha kwa mafungu? Mkewe akamwambia kusema ni rahisi. Dhanna akainuka pale pale, akaondoka.

Fikiria, dada, ni nani anayechora kisa hiki. Ni mchoraji wa mfalme, aliyezoea kuchora watu wakiinama mbele ya kiti cha enzi. Shrenik wake na Shalibhadra wake wamevaa mavazi ya zama za Jahangir na wanakaa katika majengo ya zama za Jahangir. Watu wa Agra walipofungua kurasa zile waliona mji wao, na ndani ya mji wao wakaona kijana tajiri kuliko mfalme akigundua kwamba kuinama hakuishi mpaka mtu aache vyote.

Baadaye Shalibhadra, sasa mtawa mkavu aliyekondeshwa na kufunga, alirudi Rajagriha na Dhanna kuomba chakula. Wakasimama mlangoni kwa mama yake. Mama alikuwa akihangaika kujiandaa kwenda kumwona mwanawe, hakumtambua aliyesimama pale mlangoni, nao wakaondoka mikono mitupu. Njiani wakakutana na mwanamke mzee mwuza maziwa, akawapa mtindi kwa furaha asiyoijua imetoka wapi. Ni yule aliyekuwa mama yake katika maisha yaliyotangulia, yule aliyezunguka kwa majirani kukusanya mchele na maziwa.

Pwani tumezoea kuwaita Wahindi wote wa biashara Mabaniani, tukafunga hesabu, na ndani ya neno hilo tukawachanganya Wajaini na wengine. Wewe umeuliza, nami nashukuru. Paryushan kwa Washvetambara huangukia Agosti au Septemba. Hekalu lao la marumaru nyeupe liko hapo hapo Mombasa. Waombe majirani wakupeleke siku Kalpasutra inaposomwa. Vaa nguo ya heshima, na viatu, mkanda na mkoba wa ngozi uviache nje, kwa sababu ngozi ya mnyama haiingii humo. Wakifika mahali Trishala analia, utawatambua hata kama hujui lugha: waangalie kina mama waliokaa mbele.